Bi Kadi na Ndoo Elfu Nane

Kabla sijafika popote: habari hii ni kweli tupu, haikutiwa chumvi hata punje. Naapa kwa goti langu la kulia, ambalo miaka yote hii halijapata kunidanganya kuhusu mvua. Walioiona kwa macho wako hai, isipokuwa waliokufa, na hata hao hakuna aliyewahi kuja kunikanusha.

Palikuwa na kiwanda cha plastiki chenye mashine tisa. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: punje za plastiki zinamiminwa kwenye faneli juu ya mashine, zinayeyushwa kooni mwake, zinasukumwa ndani ya kalibu la chuma, zinapozwa kwa maji, kalibu linafunguka, na ndoo inadondoka. Au beseni, au kreti, au kibanio cha nguo, kutegemea ni kalibu gani umelifunga. Mashine zilikuwa zimejipanga safu moja kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, na kelele zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyakazi wa pale walizoea kupiga kelele hata msikitini na kanisani, wakafukuzwa kote kote.

Daktari wa mashine hizo alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mkavu, mwenye kalamu sikioni na macho yasiyopepesa. Cheo chake kilikuwa mpanga ratiba, lakini kiwanda kizima kilimwita Bi Kadi. Katika ofisi yake yenye dirisha la kutazama ukumbini palikuwa na ubao mpana wa mbao, umepigwa misumari mstari kwa mstari. Kila mstari ni mashine, kila msumari ni saa, na kila kazi ina kadi yake ya karatasi ngumu iliyotobolewa tundu. Kadi ikihama msumari, watu thelathini wanabadili wanachofanya. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Mfagiaji alipangusa vumbi la ubao ule kwa kulipuliza.

Watu walidhani kupanga ni kuandika. Bi Kadi alijua kupanga ni kukumbuka. Alijua uzito wa kila kalibu na mashine inayoweza kulibana. Alijua kwamba mashine ya pili hununa mchana jua linapolipiga bati la paa, na kwamba ya tisa haipendi kuzimwa Jumapili, kwa sababu Jumatatu itaamka saa tano. Zaidi ya yote alijua ngazi ya rangi. "Rangi haziruki dirishani," alikuwa akiwaambia wageni, "zinashuka ngazi." Unaanza na nyeupe, unakwenda manjano, nyekundu, bluu, unamalizia nyeusi. Ukishuka hivyo hupotezi chochote. Lakini kutoka nyeusi kurudi nyeupe ni kupanda mlima na gunia kichwani: saa sita nzima mashine inakula plastiki na kutema uchafu wa kijivu, mpaka koo lake litakate.

Basi Jumatatu moja asubuhi, meneja aliingia ofisini kwa Bi Kadi akitabasamu. Bi Kadi alipoona tabasamu lile alishika meza. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kukubali. Mteja akimwomba kiti, yeye huahidi na meza.

Nyuma yake alikuwa mwenye kalibu la ndoo. Kalibu lile, chuma cha tani moja na robo, lilikuwa mali ya mteja, si ya kiwanda. Kiwanda kililitumia tu kumpigia, yaani kumtengenezea, ndoo zake. Mwenyewe alikuwa mtu wa sauti nene, mwenye saa kubwa mkononi aliyoiangalia kila baada ya sentensi, kana kwamba maneno yake yana nauli.

"Mama, nataka ndoo elfu nane nyeupe," alisema. "Jumamosi saa sita mchana malori yangu yanaondoka. Nimeshaambiwa na kiwanda kingine kwamba wao wanaweza."

"Na sisi nimesema tunaweza," meneja akadakia.

"Umesema lini?" Bi Kadi aliuliza.

"Jana. Kwenye simu."

"Jana ilikuwa Jumapili, bosi. Ulimuuliza nani, mkeo?"

Meneja akakohoa. Mteja akaangalia saa yake. "Mama, mimi si mtu wa maneno mengi. Ikifika saa sita sina ndoo, nalibeba kalibu langu nawapelekea hao wengine. Si kwa ubaya."

Alipotoka, Bi Kadi alibaki ametazama dirishani. Kalibu lile lilifungika kwenye mashine ya nne peke yake, na nusu ya mwaka mashine ya nne iliishi kwa ndoo za mtu huyo. Likiondoka, mashine itanyamaza, na watu kumi na wawili wanaoihudumia watakwenda nyumbani. Na hapo ndipo palipomchoma: orodha ya watakaokwenda nyumbani ilikuwa kazi ya mpanga ratiba. Angeiandika yeye, kwa kalamu ile ile. Wa kwanza kwenye orodha, kwa kuwa ndiye mgeni kuliko wote, angekuwa mdogo wake mwenyewe, tumbo moja, aliyeajiriwa miezi minne tu iliyopita.

Akakaa chini, akaanza hesabu. Mashine ya nne ilikuwa inapiga kreti nyeusi hadi Jumanne saa nane mchana. Tena nyeusi! Baada ya hapo saa sita za kusafisha koo, kisha saa nne za kubadili kalibu: ndoo ya kwanza ingedondoka Jumanne saa sita usiku. Kutoka hapo hadi Jumamosi mchana ni saa themanini na nne. Ndoo moja ilichukua sekunde arobaini na tano, yaani themanini kwa saa. Jumla, elfu sita mia saba na ishirini. Zimepungua elfu moja mia mbili na themanini.

"Bosi," alisema, "umeahidi ndoo ambazo hata Mungu hajaziumba."

"Ndiyo maana tuna wewe, dada yangu."

"Usiniite dada yako leo. Nenda ukanyamaze mahali."

Sasa sikiliza alivyofanya, maana nimeishi miaka mingi na sijaona kichwa kama kile. Mtu mwingine angepiga kelele kwa watu wakimbie. Bi Kadi hakumkimbiza mtu. Alikimbiza kadi.

Kwanza alimwendea mteja wa kreti za soda, kwa simu, akamuuliza swali la ajabu: kreti zake zikiwa za kijivu, soda zitaharibika? Yule mtu akacheka, akasema hata zikiwa za madoa, mradi zibebe. Basi Jumanne saa mbili asubuhi, huku kreti bado zinadondoka, Bi Kadi aliamuru rangi nyeusi ikatwe na punje zisizo na rangi ziingie. Kreti zikaanza kuchujuka: nyeusi, kijivu cha mkaa, kijivu cha jivu, kisha weupe wa maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ilipofika saa nane koo la mashine lilikuwa limeshatakata, na uchafu wote umegeuka kreti za kuuza. Zile saa sita za kusafisha zikatoweka kama deni la marehemu.

Pili, kubadili kalibu. Fundi wa kalibu alikuwa jamaa aliyeitwa Mnara, mrefu hivi kwamba alipopiga chafya, vumbi lilianguka kutoka kwenye paa. Kawaida Mnara huanza kutafuta bolti mashine ikishasimama. Bi Kadi alimpelekea karatasi asubuhi na mapema: kila bolti, kila spana, kila mpira wa maji, upangwe sakafuni kwa mfuatano wa kutumika, na kalibu lipashwe moto likiwa bado linaning'inia kwenye winchi.

"Bi Kadi, hii si kazi, hii ni kuvalisha bibi harusi," Mnara alilalamika.

"Basi mvalishe kabla gari halijafika. Wewe huwa unamvalisha barabarani."

Badala ya saa nne, wakatumia mbili. Saa kumi alasiri ndoo ya kwanza ilidondoka, nyeupe kama jino la mtoto.

Tatu, na hili ndilo lililowafunga watu midomo. Katika zile sekunde arobaini na tano za ndoo, zaidi ya nusu ni kusubiri ipoe. Mashine zote tisa zilikunywa maji ya baridi kutoka tangi moja, na ya tatu na ya sita zilikunywa kama ngamia. Bi Kadi alizihamisha kadi zake wiki ile yote: mabeseni makubwa yakaahirishwa hadi wiki inayofuata, na mashine hizo mbili zikapewa vibanio vya nguo, vitu vidogo visivyo na kiu. Maji yaliyobaki yakaenda kwa mashine ya nne, baridi mpaka mabomba yakatoa jasho. Wengine husema paliganda barafu na paka wa kiwanda akateleza. Mimi niliona paka tu. Sekunde zikashuka kutoka arobaini na tano hadi arobaini. Ndoo tisini kwa saa.

Meneja alikuja kuutazama ubao kama mtu anayetazama nyumba yake ikijengwa upya bila fundi. Akahesabu kwa kidole, akafika mwisho wa mstari wa nne, akasimama.

"Hii kadi tupu iliyokalia saa tatu nzima ni ya nini? Haina jina, haina kazi."

"Ni yetu."

"Sisi akina nani?"

"Sisi wenye mikono. Mashine nimeipangia saa zake. Na mikono nayo ina saa zake za kukosea."

"Ungeweza kuitumia kupiga ndoo nyingine mia mbili na sabini!"

"Ungeweza nawe kuniuliza Jumapili," Bi Kadi alimjibu, na meneja akakumbuka kwamba ana kikao.

Jumatano ikapita. Ndoo zilipandana ghalani mpaka zikafika kwenye feni. Mdogo wake Bi Kadi, aliyekuwa akikata kingo za ndoo kwa kisu, alipita dirishani akamwonyesha dada yake kidole gumba, na Bi Kadi akajifanya hakumwona, kwa sababu angelia.

Alhamisi saa tatu asubuhi, zikiwa zimeshapigwa ndoo kama elfu tatu mia saba, mashine ya nne ilitoa ndoo yenye ndui.

Madoa ya kijivu, madogo, yametawanyika ubavuni. Ndoo ya pili ilikuwa na mengi zaidi. Ya kumi ilifanana na yai la kanga. Msimamizi akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikanyamaza, na ukimya wake ukasikika juu ya kelele za zile nane nyingine.

Kilichotokea ni kosa ambalo lingeweza kutokea pale tu. Zile kreti za mwisho, zile za maziwa yaliyotiwa maji, mabaki yake yalikuwa yamesagwa na kutiwa kwenye gunia, yaje yayeyushwe tena. Katika stoo ya rangi taa ilikuwa moja, ya manjano, na chini ya taa hiyo kijivu hafifu na nyeupe ni ndugu mapacha. Mabaki yale yakachotwa kwa kopo yakidhaniwa ni ya ndoo nyeupe, yakamiminwa kwenye faneli ya mashine ya nne. Aliyefanya hivyo, nasema kwa masikitiko, ni Mnara. Alikuwa na pupa ya kusaidia, akaingia stoo ya rangi na kuchota asichokijua. Mchanganya rangi mwenyewe hakuwa na hatia. Huyu alikuwa mtu mzima makini, mtanashati, mwenye sharubu nzuri, aliyependwa na kila mtu, na saa hiyo alikuwa mbali kabisa akifanya jambo jingine la maana.

Watu wakakusanyika. Meneja akaja mbio, shati limemtoka kwenye suruali. "Nani? Nataka kujua ni nani!"

Bi Kadi alishuka ngazi za ofisi yake taratibu, kalamu sikioni. Aliwaona wale kumi na wawili wamesimama kando ya mashine, mdogo wake ameshika kisu cha kukatia kingo, na orodha ambayo hakuwa ameiandika akaiona yote, jina kwa jina. Lakini sauti yake ilitoka ile ile ya kila siku.

"Bosi, huyo nani tutamtafuta Jumapili, kwa simu yako. Mimi nauliza kiasi gani." Akawageukia watu. "Kiasi gani kimeingia, na saa ngapi? Simuulizi mtu jina lake. Namuuliza makopo mangapi."

Palikuwa na kimya cha pumzi mbili. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Makopo mawili. Saa tatu kasoro dakika kumi."

Hakumtazama hata aliyesema. Alifumba macho, midomo ikacheza. Kopo ni kilo mbili, makopo mawili ni kilo nne. Nyingi bado zimo kwenye faneli, hazijafika kooni. Zilizoshuka ni chache, na ni kijivu hafifu, si weusi wenyewe. Huu haukuwa mlima wa saa sita. Kilikuwa kilima. Kama angefichwa ukweli ule, ingembidi aukadirie ubaya wote na kusafisha kila kitu mwanzo hadi mwisho, na Jumamosi ingekwisha pale pale.

"Fungueni faneli, tekeni punje zote zilizomo mzitie kwenye magunia," alisema. "Kalibu lisiguswe. Koo lirudishwe nyuma, mbali na kalibu, ongezeni moto, pitisheni punje zisizo na rangi. Watu wanne, wengine wakachambue ndoo za asubuhi. Nataka ndoo safi saa tano na nusu."

"Na tukichelewa?" meneja aliuliza.

"Tuna kadi," alisema, akapanda kurudi ofisini.

Wale wanne walifanya kazi kama wanaomtoa mtu kisimani. Mwenye sharubu, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kutoka kwenye shughuli zake za maana, alimwaga faneli kwa mikono yake mwenyewe, akaungua vidole viwili, akaendelea kumwaga. Plastiki moto ilitoka kooni kama uji, kijivu, kijivu, nyeupe chafu, nyeupe. Saa tano na dakika ishirini na tano ndoo ilidondoka. Mdogo wake Bi Kadi aliiinua juu ya mwanga wa dirisha, akaizungusha, akaizungusha tena kwa kutoamini.

"Haina hata doa la nzi!" alipiga kelele, na kwa kuwa wote walizoea kupiga kelele, walisikia hadi barabarani.

Ijumaa hakuna aliyethubutu kukohoa karibu na mashine ile. Jumamosi, saa sita kasoro dakika ishirini na tano, ndoo ya elfu nane ilitua mkononi mwa mpakiaji. Mwenye kalibu alikuja saa sita kasoro kumi, akiwa tayari na lori la ziada la kubebea chuma chake. Alizunguka ghala, akachomoa ndoo hapa na pale, akagonga, akanusa, akazitazama dhidi ya jua. Saa yake hakuiangalia hata mara moja. Mwishowe alipindua ndoo moja, akaikalia.

"Mama," alisema, "wale wengine waliniambia wanaweza. Nadhani nao wana meneja kama huyu wenu. Ila sidhani kama wana mtu kama wewe. Kalibu litabaki. Na mwezi ujao nitaleta la pili."

"Lina uzito gani?" Bi Kadi aliuliza.

"Tani mbili na kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Yule bwana akacheka mpaka ndoo ikalia chini yake. Meneja alisimama mlangoni, akasubiri mteja aondoke, kisha akamwambia Bi Kadi, macho chini: "Nikitaka kuahidi tena, nitakuja kwanza kuutazama ubao."

"Njoo na miwani," alijibiwa.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta ya mwisho. Lakini mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu kwa muda ambao siwezi kuukadiria, na mke wangu wa miaka thelathini na moja, kama bado hujaambiwa, ndiye Bi Kadi mwenyewe. Hasomi kwa kupepesa.

"Baba watoto," alisema. "Mnara aliingia stoo ya rangi?"

"Aliingia."

"Kwa ufunguo upi?"

Nikatafuta miwani yangu. Ilikuwa usoni.

"Stoo ile ilikuwa na ufunguo mmoja," akaendelea, pole pole, kama anayehamisha kadi. "Ulining'inia kwenye mkanda wa nani?"

"Wa mchanganya rangi."

"Yule mtanashati."

"Alikuwa mtanashati. Hilo si uongo."

"Naye ni nani?"

Kutoka sebuleni nikasikia mtu anazuia kicheko. Nilisahau kwamba leo tuna wageni, na kwamba Mnara mwenyewe amekaa kwenye kochi letu, magoti yamemfika kidevuni, na mlango uko wazi, na mke wangu amekuwa akiwasomea kwa sauti tangu ukurasa wa pili, nami nimezama kalamuni nisimsikie.

"Ni mimi," nikasema.

"Makopo mangapi?"

"Mawili. Saa tatu kasoro dakika kumi."

"Umeona? Siku ile ilikuchukua pumzi mbili, mbele ya kiwanda kizima, na ndiyo sababu nilikukubali ulipokuja kuposa. Leo umezunguka kurasa zote hizi na umemtwisha mwenzako."

"Shemeji, usimwonee," Mnara alipaza sauti. "Na mimi nilitaka kujua nilivyoonekana nikiwa na pupa."

Katika nyumba hii anayenaswa na uongo ndiye anayechemsha chai ya wote na kuosha vyombo, wala hakuna rufaa. Leo ni vikombe tisa. Nimeshaweka maji jikoni, naandika mistari hii nimesimama, na Mnara amenitumia salamu kwamba chake kiwe na sukari tatu, nimpelekee mwenyewe mkononi, na nimwombe radhi nikiwa nimepanda juu ya kigoda ili tutazamane.